Kipengele cha Madeni

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Tumeingia stesheneri tukichuruzika,
mimi na Ambakisye, na daftari
nililoliandika usiku kwa mkono wangu wa kushoto.

Binti wa kuchapa anatutazama:
ni barua ya kazi?
Ni ya ndoa, nasema. Andika.

Andika migomba ya Kyimbila ni yangu,
niliachiwa na mama, si na mume wa kwanza.
Ng'ombe wawili wa maziwa ni wangu;
ndama atakayezaliwa tukiwa pamoja ni wetu,
hata akiwa dume.
Nyumba ya bati la kijani ni yake,
ila jiko nitakalolijenga kwa fedha ya parachichi
lisije likaitwa zawadi.
Andika Tumpe, mwanangu, atasoma,
na ada yake haitakuwa masimango ya mezani.
Andika mwenzangu akitangulia,
shemeji wasije na futi kamba
matanga hayajaanuliwa.

Ambakisye alisikiliza akikuna kidevu.
Kwenye shemeji alicheka, puani tu.
Anawajua.

Madeni? binti akauliza.
Langu: laki mbili, kikundi cha akina mama, linaisha Desemba.
Lake niliuacha mstari mtupu,
kwa heshima, kama mtu anavyombakizia mgeni mboga
asiyejua kama atakuja.

Umeme ukakatika.
Bati linanguruma juu yetu,
naye akasema, si kwangu,
akiambia kioo cheusi cha kompyuta:
milioni nne na laki sita.
Pikipiki ya marehemu mdogo wake. Yeye ndiye aliyemdhamini.
Mwaka wa tatu huu analipa.

Kumbe ndiyo maana koti ni lile lile.
Ndiyo maana kila tukinywa chai
kitafunwa anasema ameshiba.

Nilitaka kuuliza, ulikuwa unangoja nini?
Nikauliza, imebaki ngapi?

Milioni moja na nusu.

Taa ikawaka. Binti akashika mdomo:
hakuwa amehifadhi. Ukurasa mweupe,
migomba, ng'ombe, shemeji, vyote vimekwenda.
Dada, tuanze upya?

Anza, nikamwambia,
ila safari hii tangulia na madeni.
Deni libaki kwa jina lake, uandike hivyo hivyo.
Na ndama, usisahau, wetu.

Ambakisye akavuta benchi, akaanza kutaja tarehe,
mwezi kwa mwezi, kwa kichwa, bila karatasi.
Mimi nikasimama mlangoni kukamua kitenge.