Omby

Ndege imeahirishwa hadi kesho.
Siwezi kukaa hotelini nikihesabu mabaka ya dari,
kwa hiyo nimekodi teksi yenye rangi ya maziwa yaliyolala,
mlango mmoja umefungwa kwa waya,
na kabla ya yote dereva anaomba nusu ya nauli
akanunue petroli: lita moja na nusu
katika chupa ya soda anayoibana kando ya goti,
mpira mwembamba umechovya mdomo ndani.
Tunaiona Antananarivo kwa kadiri chupa inavyopungua.

"Hery," anasema, akijigusa kifua.
Kwangu jina hilo ni baraka.
Kwake, naelezwa, ni nguvu.
Basi tunaupanda mlima kwa vyote viwili
na havitoshi;
kona ya tatu tunashuka kusukuma,
mimi na Fanja, bintiye wa miaka tisa.
Leo hayuko shule. Sikuuliza kwa nini.
Begi la madaftari amelivaa hata hivyo,
na anasukuma nalo mgongoni.

Juu, kasri la malkia:
moto ulikula mbao zote za ndani, zamani kidogo,
mawe yakabaki wima kama mtu aliyesahau alichosimamia.
Mlinzi ananionyesha madirisha.
Mimi naangalia kilichomo madirishani:
nyumba za matofali zimepandiana mabegani,
ngazi, na ngazi zinazozaa ngazi,
ziwa Anosy na jakaranda zake zilizomwaga zambarau
hadi wauza karanga wanaifagia kwa viatu,
na kule bondeni mashamba ya mpunga
yameingia mjini bila kubisha hodi.

Kifaransa changu ni cha kuokoteza.
Cha Fanja ni cha darasa la nne.
Tulikuwa tumeshamaliza maneno yote tuliyokuwa nayo
mkokoteni wa matofali ulipopita,
naye akanyoosha kidole: "Omby!"
"Ng'ombe?" nikasema.
Akanitazama kama niliyemwibia kitu mfukoni.

Akanivuta mkono. Tukateremka hadi sokoni Analakely,
ngazi mia na kitu, babaye akituita tumsubiri.
Tenga la kwanza: akoho. Kuku, nikasema.
Picha ukutani kwa muuza sufi: ondry. Kondoo!
Punda hakuwepo, ikabidi amchore kwenye daftari la hesabu,
masikio marefu kupita mstari: ampondra.
Mbuzi akatuangusha. Osy, alisema yeye,
nami nikaligeuza neno huku na huku, halikunipa mkono.

Nani alizishika zile kamba?
Nani alisimama kati ya ng'ombe na mawimbi
akimtuliza kwa jina, usiku kucha,
hata walipofika ng'ambo
mnyama akawa ameshalijua jina lake
na mwenyewe hakuna anayemkumbuka?

Mchana tulikula kwa Vololona, benchi moja, sahani tatu,
mlima wa wali na mchuzi wa kuulia aibu.
Kisha akaleta vikombe vya maji ya moto ya kahawia:
sufuria ya wali imemwagiwa maji juu ya ukoko, ikachemshwa.
Kwetu ukoko hugombaniwa na watoto.
Nilikunywa ugomvi wote wa utotoni mwangu,
nikaomba kikombe cha pili.

Chupa iliishia mita mia mbili kabla ya hoteli.
Hery alicheka, akaikung'uta, akaniambia hapo ndipo nauli inapoishia.
Fanja alichana ukurasa wa punda, akanipa.
Nyuma yake kulikuwa na hesabu za kugawanya,
mbili amekosa.

Sasa ni usiku. Chini ya dirisha kuna mbwa
anabweka tangu saa nne, hana haraka.
Wote tuliwataja, yeye nikamsahau.
Nimelala na swali hilo mdomoni,
na ndege ni alfajiri.