Pumzi ya Tangi

Ikipoa, inawaka kwa mvuto mmoja.
Hilo ndilo linaloniudhi.
Ingekuwa mbovu ningeiheshimu,
ningeitupa nyuma ya duka, penye mafeni na pampu za visima,
tukaachana kwa amani.
Lakini asubuhi, hapa Majengo, inanguruma
hadi paka wa bucha anahama kivuli,
nami napokea pesa za watu, naandika risiti, natia saini.

Dakika kumi na mbili.
Mwakio amezihesabu kwa simu yake.
Uwanja wa shule, Ganjoni: ikifika penye kipara
walipochimba magolikipa kwa visigino
inapunguza sauti, kama mtu aliyekumbuka deni,
inakohoa mara mbili,
kimya.
Nyasi nusu zimekatwa, nusu zafika magotini
(mvua ya mwaka huu haikufanya choyo),
na darasa la nne madirishani linashangilia,
si yeye, mashine.

Mara ya kwanza nilibadili plagi.
Mara ya pili nikafungua kabureta, nikapuliza kila tundu,
nikatoa chembe ya kutu, ndogo kuliko ufuta,
nikamwonyesha kiganjani: "Mchawi wako huyu."
Akacheka. Akalipa. Akarudi Jumatatu.
Mara ya tatu nikalaumu petroli,
maana petroli haina wakili.

Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia,
na hii yako ni sikio tupu.
Hakujibu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akitoa vipande vya nyasi kwenye malaika ya mkono,
mtu wa Wundanyi, miaka kumi na tisa mjini na joto bado halijamzoea,
akaniambia taratibu kuwa wazazi wanakuja shuleni Ijumaa
na mwalimu mkuu ameanza kutaja kampuni.

Basi tukaiwasha, tukaketi kungoja ife.
Hilo sikuwahi kulifanya.
Miaka yote natibu baridi; maradhi yenyewe ni ya moto.
Mejumaa, mwanafunzi wangu, akashika saa.
Saba. Nane.
Jasho langu likadondokea bomba la moshi, likalia chwaa.
Kumi. Kumi na moja.
Ikakata roho.
Upesi nikachomoa plagi, nikaigusisha chuma, nikavuta kamba:
cheche ya buluu, nzima, yenye kiburi.
Koili haina kosa.
Nami nilikuwa nimeshaipangia bei.

"Fundi," akasema Mejumaa, "mbona tangi limeingia tumbo?"
Kweli. Plastiki imebonyea kidogo,
kama shavu la mtoto anayemung'unya ubuyu.
Akazungusha kifuniko nusu duara.
Fssss.
Sijapata kusikia kitu kikishukuru hivyo.

Kwenye kifuniko mna kitundu cha kuvutia hewa:
petroli ikishuka, upepo uingie mahali pake.
Nyigu alikiziba kwa udongo,
kazi safi kuliko zangu zote tatu.
Kwa hiyo kila ikinywa ilibana pumzi,
koo likakauka na tangi limejaa.
Ikilala, hewa ikapenya polepole kwenye nyuzi za kifuniko,
ikaamka ikijifanya haina neno.

Tukazibua kwa pini ya ushungi wa Mejumaa.
Ikanguruma nusu saa. Ikanguruma saa nzima,
hadi jirani muuza simu akaja kutuomba tuizime, wateja hawasikii.

Mwakio akatoa pochi, kama ada yake.
Kitabu cha risiti ki wazi, kalamu mkononi,
nafsi inanong'ona: andika "matengenezo," bei ile ile.
Mejumaa anarudisha pini ushungini, hanitazami.

Nikaandika: kuzibua kitundu, pini moja ya kuazima.
Jumla, sifuri.
Chini yake: fundi anadaiwa plagi moja, petroli lita mbili,
na wiki tatu za nyasi.

Akaisoma mara mbili,
akaikunja, akaitia nyuma ya simu yake,
akaniuliza kama nina maji ya kunywa.