Mizani

Mwalimu alipotuambia shairi lina mizani
nilidhani washairi wote wameajiriwa
pale ghalani Ngomeni pamoja na baba yangu,
wanapima marobota ya mkonge,
kalamu ya risasi sikioni.

Baba alikuwa karani wa mizani.
Si meneja, si nyapara, si mtu wa korona
ambako wenzake walirudi na vidole pungufu.
Alisimama kando ya jukwaa la chuma,
akasogeza kijiwe cha shaba kwa kidole kimoja,
akangoja ulimi utulie.
Hakuwa na haraka na ulimi.
Hata wake.

Mwisho wa mwezi, mishahara ikishalipwa,
alituita: Chambuso, mimi,
na Mwanaisha aliyekuwa bado wa mgongoni.
"Vueni viatu."
Kandambili zikabaki mlangoni.
Akatutia mikono makwapani, akatupandisha mmoja mmoja,
na hapo, jamani, ndipo pekee alipotushika.
Mikono ilinuka singa na sabuni ya kipande.
Nilijilegeza nizidi uzito
ili asinitue mapema.

Mwaka wa unga wa yanga
niliona haya kuwa mwepesi.
Nikaficha mawe kwenye mfuko wa gauni.
Baba akautazama ulimi, akanitazama mimi,
akayatoa moja moja
kama mtu achaguaye kunde,
akayapima peke yake.
Hakunipiga.
Usiku ule sahani yangu ilikuwa na yai.
Yai zima. Chambuso alilia mpaka akalala.

Chambuso alipofika miaka kumi na minne
alisimama mlangoni pa ghala na viatu vyake miguuni.
"Mimi si robota," akasema.
Wapagazi wakacheka, kisha wakaacha kucheka.
Baba akafunga daftari.
Angempiga, ingekuwa nafuu.

Daftari nimelipata juzi, arobaini imekwisha,
ndani ya sanduku la bati, chini ya stakabadhi za kodi.

*Mwantumu, kilo kumi na tisa. Mawe, robo tatu.*
*Chambuso: amekataa.*
*Chambuso: amekataa.*
Miezi ishirini na sita amekataa,
kwa mwandiko uleule usiotetemeka,
na kila mwezi jina limeandikwa upya, kamili,
kana kwamba huenda leo.
Kisha: *Chambuso, yuko Tanga mjini. Wanasema amenenepa.*

Na ukurasa wa kwanza kabisa, jina nisilolijua:
*Kibibi, kilo mbili na robo.*
*Kibibi, kilo mbili.*
Halafu mstari uliopigwa kwa rula.
Nilipomwonyesha mama
alichukua ungo, akaenda kupepeta
mchele uliokwisha kupepetwa.

Sikuwahi kumuuliza baba alitupima kwa nini.
Labda alijua kitu kimoja tu duniani
akatupa hicho.
Pale Bombo, siku zake za mwisho,
nesi alisoma: arobaini na moja.
Baba akafumbua macho.
"Toa shuka kwanza."

Ndiyo, mistari yangu haitoshani, baba.
Huu mrefu, ule umepungua.
Ungelirudisha shairi hili getini
na alama ya chaki nyekundu.

Jana Chambuso amenipigia simu
kutoka kliniki ya Makorora.
Mtoto wake wa kwanza amening'inizwa kwenye mizani,
anapiga mateke hewani,
na yeye, aliyekataa, amemwomba nesi asogee kidogo
asome mwenyewe.
Anasema mshale ulichelewa kutulia,
akaungoja, na foleni nzima nyuma yake ikiguna.
Kisha akanyamaza. Nikasikia kina mama, vilio, mlango.
"Dada, lile daftari, lina kurasa zilizobaki?"

Nikamwambia zipo.
Lakini mvue soksi.