Mbungo wa Kumi na Saba

Tulianza na arobaini na mmoja.
Kila mbungo tukaufunga kibati,
nambari imegongwa kwa msumari,
kama watoto kwenye foleni ya chanjo.

Msitu wa Witu asubuhi hauna adabu:
unakulowesha kabla hujausalimu.
Dhadho mbele, na panga asilolitumia,
mimi nyuma na daftari, wembe,
na mizani ya sonara niliyoiazima Amu.

Kazi yenyewe haina mengi.
Chanja gamba, hesabu hadi sitini,
kinga utomvu, pima, andika.
Wa tatu: matone manane, ukakauka.
Wa tisa: mwepesi, kama maziwa
ya muuzaji asiyemwogopa Mungu.
Wa kumi na mbili: sufuri.
Dhadho akachungulia. "Usiandike hauna.
Andika leo haukutoa."
Nikafuta. Nikaandika: leo haukutoa.

Kisha ule wa kumi na saba.
Ulikuwa umeupanda mkwaju kama deni lipandavyo,
polepole, halafu ghafla uko juu.
Nilipouchanja haukutoa tone, ulitoa uzi.
Dhadho akaudaka kwa vidole viwili,
akavuta, akazungusha, akavuta,
mpaka kiganjani pakakaa mpira
mdogo kuliko yai la kware.
Akaudundisha juu ya daftari langu.

"Babu yangu alilipa kodi kwa hivi," akasema.
"Walijipaka mikononi, ukikauka
wanaubandua pamoja na vinyweleo.
Wenye haraka walikata shina zima.
Ndiyo maana leo unahesabu arobaini na mmoja
ukamaliza kabla ya chai."

Gramu kumi na nne.
Nikapima tena. Kumi na nne.
Wenzake wote hawakupita tano.

Usiku huo nikawa mshenga.
Nikauposea wa sita, unaovumilia kiangazi,
nikauposea wa thelathini, usioijua kuvu,
nikawataja wajukuu na mashamba yao
mpaka Mokowe, mpaka Hindi,
na mafuta ya taa yakanishia.

Niliporudi baada ya vuli, kisiki.
Mtu alitaka kamba za kufungia ua.
Kibati kilikuwa majanini, kizima, kinang'aa,
jina lisilo na wa kuitika.

Dhadho hakunipa pole. Alinipeleka stendi,
kwa Somoe, auzaye juisi ya mabungo,
chumvi kidogo, pilipili kidogo.
Nikanywa, meno yakanisisimka.
"Haya si kitu," Somoe akasema.
"Ungeonja ya kule mkwajuni, mwaka jana.
Makali! Wateja walitukana, wakaongeza bilauri."

Mbegu zake?
Akaelekeza kidevu nyuma ya kibanda,
anakomwaga maji ya vyombo.

Miche kumi na minane,
katikati ya maganda ya mayai
na ndara moja ya mguu wa kushoto.
Nikapiga magoti. Somoe akacheka sana:
mtu wa serikali analisujudia jaa.

Lakini daftari halijui shangwe.
Mama: kumi na saba. Sawa.
Baba?
Ni mdudu gani alipita, ametoka kwa nani,
na chavua ya nani miguuni?
Mbegu si nakala. Mkarimu huzaa bahili,
na miche hii, yote kumi na minane,
pengine ni wa kumi na mbili unaorudi kwa mlango wa nyuma.
Miaka sita kabla ya kuichanja, nikijaliwa.
Nikaandika: Baba, leo hajulikani.

"Itazaa?" Somoe akauliza.
Sijui.
"Makali kama yale?"
Hata hilo.

Akainua ndoo, sabuni inaelea juu.
Nikanyoosha mkono kumzuia.
Dhadho akanishika kiwiko:
"Mwache. Ni maji hayo hayo yaliyoiotesha."
Akamwaga.