Kumi na Mbili, Soko la Chwele

Siku ya soko Sitati hukaa nyuma ya wauza vitunguu,
mkebe wa mafuta ya kupikia mkononi, dadu mbili ndani.
Huutikisa mpaka mbwa wa buchani wainue masikio.
"Saba nalipa hamsini! Kumi na mbili, mia mbili!
Kumi tu ya kuingilia, mama. Kumi haijengi nyumba."

Na mama yangu Nanjala, pesa za mboga zikiwa kwenye fundo la leso,
huweka kumi yake pale pale, kwenye kumi na mbili,
kwa sababu baba alipopanda lori kwenda Eldoret
alisema, Nitarudi tarehe kumi na mbili.
Hakutaja mwezi.

Jana usiku nilimwaga mahindi kwenye ungo.
Dadu ya kwanza ina nyuso sita, nikamwambia,
na kila uso waweza kukutana na nyuso sita za ya pili.
Sita mara sita. Tukapanga punje thelathini na sita.
Kuku akadonoa mbili, tukaanza upya.

Tafuta saba, mama.
Moja na sita. Sita na moja.
"Si ni ile ile?"
Si ile ile. Dadu moja ya Sitati ina ufa, nyingine haina;
yenye ufa ikilalia moja, hilo ni jambo jingine.
Mbili na tano, tano na mbili, tatu na nne, nne na tatu.
Punje sita: moja katika kila sita.

Sasa kumi na mbili.
Sita na sita, akasema.
Akageuza. Sita na sita.
Punje moja, peke yake ukingoni mwa ungo.

Ukicheza mara thelathini na sita utatoa mia tatu sitini,
na kwa wastani utarudishiwa mia mbili.
Iliyobaki ndiyo inayomnunulia Sitati gambuti.
Na dadu haikumbuki, mama.
Haijui umekosa mara ngapi.
Haimjui baba.

Akanyamaza. Koroboi ikatoa moshi.
Nilidhani hajaelewa, kumbe ameelewa
kuliko mwalimu wangu wa Hesabu.
"Moja katika thelathini na sita," akasema polepole,
"si sawa na sifuri."

Akayarudisha mahindi guniani, kiganja kwa kiganja.
Asubuhi alipofunga leso aende sokoni
niliona ndani ya fundo sarafu,
na punje.