Chupa Yenye Tundu

Kahambu aliuliza, uji ukiwa bado mdomoni:
"Wale watu wa angani, nani aliwatoa uzito?"
Darasa likanyamaza. Hata Tsongo.

Hakuna aliyewatoa, nikasema. Twendeni nje.

Nikatoboa chupa kwa msumari, karibu na kitako.
Maji yakachuruzika, yakanilowesha kiatu,
yakanywewa na mawe meusi ya uwanja wetu,
mawe yaliyoshuka mlimani yakiwa uji wa moto.
"Kwa nini yanatoka?"
"Kuna tundu!"
Ndiyo. Tena maji yanataka kushuka,
na chupa, mkononi mwangu, imekataa kushuka nayo.

Sasa litazameni tundu, msinitazame mimi.
Nikapanda ukuta. Nikaiachia.

Hamkuona. Ni kama kupepesa jicho.
Nikarudia mara nne, sketi yote maji,
mpaka Tsongo akapiga kelele:
"Yamekatika! Yakianguka hayatoki!"

Hayatoki. Chupa inashuka, maji yanashuka,
hakuna anayemtangulia mwenzake,
hakuna anayemlalia mwenzake.
Maji yamesahau tundu.

Kahambu, baba yako ana chukudu.
Akikupakia juu ya viazi kutoka Kibumba,
gurudumu likiruka shimo pale mteremkoni,
tumbo si hubaki juu kidogo?
Kile kidogo ndicho.
Wao wanacho wakila, wanacho wakipiga mswaki,
wanacho wakilala, wamejifunga kamba kama magunia
wasije wakaamka wamegonga vichwa mlangoni.
Chozi lao halidondoki. Linang'ang'ania jichoni,
linatetemeka kama ute wa yai.

"Mbona hawafiki chini?"

Lo. Hapo nilikuna kichwa.

Tupa jiwe: linaingia ziwani.
Lirushe kwa nguvu: linafika Idjwi.
Wao wamerushwa kuliko mkono wowote,
huko juu kusiko na upepo wa kuwachelewesha,
na dunia ni mviringo, jamani, inainama.
Kila wanaposhuka, ardhi imeshainama mbele yao.
Wanaanguka Jumatatu, wanaanguka Jumapili,
na dunia haijawaachia hata kidogo:
inawavuta, karibu kama inavyokuvuta wewe.

Kengele ikalia. Wakakimbilia ukutani,
wakaruka mmoja mmoja, mikono kama kuku.

Kahambu akarudi, goti limechubuka.
"Mwalimu, nimefika angani."
Ukakaa muda gani?

Akapepesa jicho, mara moja.