Maganda ya Nnalongo

Kila jioni hapa Banda unaniuliza, Nnalongo,
maganda ya matoke nampelekea mbuzi gani.
Sina mbuzi. Nina tanuri la digrii mia tisa
kwenye chumba cha nyuma, Kyambogo,
na mtungi wa naitrojeni wa kuazima,
maana kaboni ikivuta hewa humo ndani
asubuhi nitazoa majivu,
na majivu ni ya kusugulia sufuria.

Nayaanika. Nayasaga. Nayachanganya na urea,
ileile ya mahindi. Usiku nayaoka.
Umeme ukikatika saa saba, naanza upya.
Yakifuzu hutoka unga mweusi, mwepesi:
piga chafya, umepoteza wiki.

Unga wa nini? Sikiliza, wewe mama wa pacha.
Oksijeni nayo hutembea wawiliwawili,
kama Babirye na Nakato siku ya kwanza ya shule,
mikono imeshikana, hawaachani.
Namtafuta wa kuwaachanisha bila vita,
kila mmoja akutane na hidrojeni, yawe maji,
na njiani watuachie umeme.
Kazi hiyo watu huipa platini.
Ukiniuliza bei yake, nitakuuliza bei ya nyumba.

Mwezi wa tatu mchoro ulipanda
nikapiga vigelegele peke yangu, mlango nimeufunga.
Nikamwandikia Dakta Tumwebaze:
hakuna chuma, hakuna kobalti, ni kaboni tupu.
Akajibu kwa maneno mawili:
Ulisagia nini?

Mashine yako ya karanga, Nnalongo.
Ile ya chuma.

Nikauosha unga kwa asidi mara saba.
Mchoro ukashuka, ukalala.
Sifa zangu zote zilikuwa za kutu.

Sasa natwanga kwa kinu cha mti na mchi wake,
viganja vimeota malengelenge.
Hata hivyo, udongo wa Bushenyi ni mwekundu;
mgomba hunywa chuma bila kuniomba ruhusa.
Naosha tena.

Kilichobaki ni kidogo, lakini sikukiazima:
jana kifeni cha kuchezea kilizunguka dakika nne,
na kwenye mdomo wa mpira
likaning'inia tone moja la maji,
likakataa kuanguka mpaka nilipogeuka.

Kesho niwekee mengine.
Nilitaka kusema usiyamenye kwa kisu,
ila matoke mabichi hayajui kucha.
Menya tu.
Nitaosha mara nane.